Spika za Umbali wa Mkono

Meza yangu ya kazi ina upana wa sentimita 120 na kina cha sentimita 60. Katikati imekaa skrini ya inchi 24, inayochukua sentimita 54 hivi. Zinabaki sentimita 33 kila upande, na humo humo kuna taa, daftari, simu na kikombe cha chai. Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua spika zangu ziwe na umbo gani kabla sijasikiliza hata moja, na ndiyo ninayomwomba kila anayeniuliza aifanye kwanza. Chukua futi kamba, pima meza, andika namba, ndipo utoke kwenda dukani.

Naulizwa kwa sababu kazi yangu ni ya masikio. Nasikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno: bibi wa Pangani anayesimulia harusi za zamani, mvuvi wa Kilwa anayetaja majina ya pepo, mwanafunzi anayemeza nusu ya maneno yake. Hedifoni zinafaa asubuhi. Ikifika saa saba mchana, kwa joto la Dar es Salaam, mito ya masikioni inalowa jasho na kichwa kinaanza kugonga. Nahitaji sauti itoke mezani, iwe safi, isinichoshe. Na kwa kuwa spika hizo zitakaa mbele ya uso wangu kutwa, nahitaji ziwe nzuri kutazama. Hilo la pili nalisema bila haya. Watu huchagua pazia kwa wiki nzima, na pazia wanalitazama mara chache kuliko spika za kompyuta yao.

Wengi hupima upana wakasahau kina. Edifier R1280T, kwa mfano, ni spika ninayoipenda na kuisifia: masanduku mawili ya MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) yenye mbavu za rangi ya mbao, koni, yaani ile sehemu inayotetema na kutoa sauti, ya inchi 4, vitufe vya kuzungusha pembeni ambapo mkono unafika bila kutafuta. Lakini kina chake kinakaribia sentimita 20, na nyuma yake zinatoka waya zinazotaka nafasi ya kupinda. Kwenye meza yangu ingeniachia uwazi mdogo mno kati yake na kibodi, na uso wake ungenisogelea kuliko skrini. Kwenye meza ya kina cha sentimita 75 au 80 nisingesita kuichukua.

Ukishajua nafasi uliyonayo, jiandae kwa habari ya wati. Ingia duka lolote la spika Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa walio Nairobi, na neno la kwanza utakaloambiwa ni hilo. “Dada yangu, hii ni wati elfu tano, ukiifungua mtaa mzima unajua uko nyumbani.” Kijana anasema alichosoma kwenye boksi, na boksi kweli limeandikwa hivyo. Tazama herufi zilizoifuata namba ile: mara nyingi ni PMPO, kipimo ambacho hakina kanuni iliyokubaliwa, kila kiwanda hujipimia kinavyotaka. Namba ya kutafuta ni ile yenye herufi RMS, nguvu ambayo spika inaweza kuihimili kwa mfululizo. Kama haipo, geuza adapta usome maandishi madogo. Zidisha volti kwa ampea. Adapta ya volti 12 na ampea 1 haiwezi kutoa zaidi ya wati 12, hata boksi lichorwe radi na moto. Spika inayokula umeme wa USB peke yake ina mpaka ulio wazi zaidi: tundu la USB 2.0 hutoa volti 5 na ampea 0.5, yaani wati 2.5, la USB 3.0 hufika ampea 0.9, yaani wati 4.5. Hakuna namna ya wati elfu moja kupita humo.

Na wala huzihitaji. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua desibeli 6, na kuzirejesha hizo 6 kunadai nguvu mara 4. Kutoka spika zangu hadi masikioni ni sentimita 70. Kutoka redio ya sebuleni hadi kochi ni kama mita 2.8. Umbali umezidishwa mara mbili, kisha mara mbili tena, na nguvu inayodaiwa imefika mara 16. Ndani ya chumba kuta hurudisha sehemu ya sauti, kwa hiyo pengo halisi ni dogo kuliko hilo, ila mwelekeo haubadiliki: wati 5 za mezani zinafanya kazi ambayo sebuleni ingedai makumi ya wati. Anayezungumza nawe mkiwa mmekaa mkeka mmoja hahitaji sauti ya muadhini.

Sasa tufike kwenye besi, maana hapo ndipo mazungumzo yote ya spika ndogo huishia.

Mwaka 1954, huko Marekani, Edgar Villchur alibuni spika ya AR-1: sanduku lililofungwa kabisa, hewa iliyomo ndani ikifanya kazi ya springi inayoirudisha koni mahali pake. Kabla ya hapo, aliyetaka besi ya kweli nyumbani alilazimika kununua kabati zima. Villchur alianzisha kampuni pamoja na Henry Kloss, aliyekuwa mwanafunzi wake. Mwaka 1957 Kloss akatoka, akaanzisha kampuni nyingine, KLH, yeye na Malcolm Low na Josef Anton Hofmann, mtoto wa mpiga piano mashuhuri Josef Hofmann. Huyu Hofmann mtoto ndiye aliyeiweka kanuni inayoitwa kwa jina lake hadi leo. Inasema hivi: kuna mambo matatu, sanduku dogo, besi ya chini kabisa, na wepesi wa kugeuza umeme kidogo kuwa sauti kubwa. Chagua mawili. La tatu utalikosa.

Spika ya mezani imeshachagua sanduku dogo. Kwa hiyo ama iache besi ya chini, ama ile umeme mwingi na kuisukuma koni yake kupita uwezo. Koni ya inchi 2.75 ina eneo dogo kuliko koni ya inchi 8 kwa zaidi ya mara 8. Tena, ukitaka kushuka oktava moja, tuseme kutoka hezi 80 hadi 40 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), kwa ukubwa ule ule wa sauti, koni lazima isukume hewa mara 4. Koni ndogo haina pa kwenda. Inafika mwisho wa safari yake, inagonga, na kugonga huko kunachafua kila kitu kingine kinachopigwa wakati ule, pamoja na sauti ya mtu anayeimba. Ndiyo maana naziheshimu spika ndogo zinazoishia hezi 65 au 70 kwa utulivu kuliko zile zinazojikaza kufika 40.

Kloss mwenyewe, baada ya miaka mingi ya kampuni na uvumbuzi, alianzisha Cambridge SoundWorks mwaka 1988, na kampuni hiyo ikaja kutengeneza spika za kompyuta. Mwaka 1997 ikanunuliwa na Creative ya Singapore, wale wale waliotoa kadi za Sound Blaster kuanzia 1989, kadi zilizofanya kompyuta za nyumbani ziwe na sauti ya kusikilizika. Napenda kulikumbuka hilo kila ninapoona Creative Pebble dukani. Ni spika ya bei ya chini kabisa katika zile ninazothubutu kumshauri mtu, tufe dogo lenye koni moja ya inchi 2, waya wa USB wa umeme na waya wa sauti. Lakini walioitengeneza waliifahamu kanuni. Hawakujaribu kuificha. Waliikata tufe lile kwa mteremko wa digrii 45 ili koni itazame juu, masikioni, na nyuma wakaweka koni ya pili isiyo na umeme inayosaidia besi kidogo. Basi. Kwa mwanafunzi wa chuo mwenye meza ya kubana na kompyuta ya mkopo, sijaona kitu cha kumpa badala yake.

Je, tunakosa nini chini ya hezi 65? Waya mzito kuliko yote wa gitaa la besi la nyuzi nne hutetema hezi 41, na ngoma ya bongo fleva ya siku hizi ina mapigo yanayokaa kwenye 50 na 60. Haya mapigo hutayasikia kwa kifua. Ila sikio lina uwezo wa ajabu: noti ya hezi 41 huja na ndugu zake wa hezi 82, 123, 164 na kuendelea, na ubongo ukiwasikia hao huijenga ile ya chini ambayo haikupigwa kabisa. Ndiyo sababu unaufuata mstari wa besi wa muziki wa dansi hata kwenye redio ndogo ya mlinzi. Wimbo haupotei. Kinachopotea ni uzito wake.

Na kuna muziki ambao haupotezi karibu chochote. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, alirekodiwa kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika, na santuri za enzi ile hazikubeba besi nzito wala sauti za juu sana. Kilichobaki ndani yake ni cha katikati: koo la mwanamke, fidla, udi. Spika ya koni ya inchi 3 iliyotengenezwa vizuri inabeba hayo yote na nafasi inabaki. Taarabu ya vikundi vya Unguja, yenye kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi) na akodiani na fidla zinazojibizana, inakaa vizuri sana mezani, kwa sababu umbali wa mkono unakuonyesha nani amekaa kushoto na nani kulia. Besi kubwa ya kusimama ya vikundi hivyo inapungua mwili kidogo, hilo nakubali. Usomaji wa Kurani, kwaya, habari za redio, mahubiri, simulizi, mikutano ya kazini: vyote vinaishi katikati. Mwanamume akizungumza, sauti yake ya msingi huwa kati ya hezi 85 na 180 hivi, ya mwanamke huanza kwenye 165 au zaidi, na konsonanti zinazotofautisha “pata” na “kata” ziko juu huko, kwenye maelfu. Ukiyapata hayo kwa usafi, umepata sehemu kubwa ya unachokisikiliza siku nzima.

Hapa ndipo ninapotofautiana na watu wengi wa kwetu, kwa sababu sisi tumelelewa na sabufa. Sabufa sebuleni ni kitu kizuri, kwenye sherehe ni lazima. Mezani nina hoja dhidi yake, na si ya ukubwa. Seti nyingi za bei nafuu zenye sabufa moja na vispika viwili vidogo zina vispika vidogo kupita kiasi, haviwezi kushuka chini ya hezi 150 au 200. Kwa hiyo kila kilicho chini ya hapo kinapelekwa kwenye sabufa, na sabufa iko sakafuni, karibu na miguu yako. Rudi kwenye zile hezi 85 hadi 180. Maana yake ni kwamba mzee anayesimulia anakatwa vipande viwili: midomo yake iko mezani, kifua chake kiko chini ya meza. Sikio haliwezi kujua inakotoka besi ya hezi 50, ila ya hezi 150 linaijua. Ukisikiliza mazungumzo kwa saa nyingi, mgawanyiko huo unachosha hata kama huwezi kuueleza. Pia kuna jirani. Besi hupita ukutani kuliko sauti nyingine zote, na wengi wetu tunaishi nyumba za kupanga zenye ukuta mmoja kati ya kitanda cha mtu na meza ya mwenzake. Spika mbili ndogo za umbali wa mkono nazifungua saa sita usiku bila kumwamsha mtu.

Kuna spika moja yenye sabufa ambayo naisamehe, nayo ni kwa ajili ya uzuri wake. SoundSticks za Harman Kardon zilitoka mwaka 2000, zikiwa zimebuniwa pamoja na Apple. Plastiki yake ni ya kuona ndani kama kioo. Vijiti viwili vyembamba, kila kimoja na vikoni vinne vidogo vilivyopangwa wima, na sabufa ya kuba inayoonyesha koni yake na bomba la hewa bila kificho. Jumba la makumbusho la sanaa za kisasa la New York, MoMA, liliziweka katika hazina yake. Nazipenda kwa sababu hazivai joho. Unaona kila kitu kinachofanya kazi, na kile kinachofanya kazi kimepangwa kwa heshima. Fundi aliyetengeneza mchongo wa ndani alijua kwamba atatazamwa.

Upande wa pili kabisa kuna Genelec za Finland. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1978 mjini Iisalmi, ikitengeneza spika za studio za redio, na kwa muda mrefu spika za studio zilikuwa masanduku meusi ambayo hakuna aliyeyatazama. Mwaka 2004 ikatoa safu iliyochorwa na mbunifu Harri Koskinen, maganda ya alumini yenye pembe za mviringo. Mviringo huo una kazi: pembe kali za sanduku hutawanya sauti na kuichafua, pembe laini huiacha ipite. Ndogo kuliko zote, 8010, ina urefu usiofika sentimita 20, uzito wa kilo 1.5, koni ya inchi 3, na chini yake mguu wa mpira unaoiinamisha nyuma na kuzuia mtetemo usiingie mezani. Bei yake si ya kila mtu, na tundu lake la waya ni lile la studio, si la kompyuta moja kwa moja. Lakini kila ninapoiona nasema huo ndio uzuri wa spika: mkono wa mchoraji na sikio la fundi vimekubaliana juu ya mstari mmoja.

Kwa kipimo hicho hicho nazihukumu za bei nafuu pia. Taa za rangi zinazocheza na mapigo sizitaki mezani, kwa sababu jicho langu linatakiwa liwe kwenye maandishi, na kila kinachometameta pembeni ya skrini kinaliita. Plastiki nyeusi inayong'aa nayo naikwepa: ikikaa siku moja vumbi limeandika juu yake, na alama za vidole hazitoki. Nyeupe isiyong'aa, kijivu, kitambaa cha rangi ya mchanga, ubao wa kweli au hata wa kubandikwa, hivi vyote vinazeeka vizuri. Na kitambaa au wavu wa mbele uwe wa kutoka. Siku ya kusafisha utashukuru.

Zangu ni Audioengine A2+, nyeupe. Mdogo wangu alizibeba kutoka Marekani zikiwa zimetumika. Kila moja ina upana wa sentimita 10, urefu wa 15, kina cha 13 na ushei. Koni ni ya inchi 2.75, juu yake twita ya hariri, kile kikoni kidogo cha sauti za juu. Tundu la hewa liko mbele, mfereji mwembamba chini ya koni, na hili lilikuwa na uzito mkubwa kwangu: spika yenye tundu nyuma ikibanwa na ukuta besi yake huvimba na kuwa ya uvungu, nami ukuta ninao sentimita chache nyuma ya meza. Kitufe cha sauti kiko nyuma, jambo ambalo mbunifu angeweza kulifikiria upya. Napandisha na kushusha kwa kibodi. Huanzia hezi 65. Zimekaa pembeni ya skrini kama sehemu ya meza yenyewe, na mgeni akiingia husifu meza, hasemi juu ya spika. Hivyo ndivyo nilivyotaka.

Meza, kwa kweli, nayo inapiga. Watu hawaamini hili mpaka waonyeshwe. Sauti ikitoka kwenye koni, sehemu yake inakuja moja kwa moja masikioni, sehemu nyingine inagonga ubao wa meza na kuruka, ikachelewa kidogo. Zikikutana, baadhi ya sauti zinakatana zenyewe kwa zenyewe. Koni ikiwa sentimita 8 juu ya meza, sikio sentimita 40, umbali sentimita 70, njia ya kuruka ni ndefu kuliko ya moja kwa moja kwa sentimita 8 hivi, na mkato wa kwanza unaangukia juu kidogo ya hezi 2,000, katikati ya eneo la konsonanti. Ndiyo ukungu ule unaousikia kwenye maneno spika zikilazwa mezani bila kuinuliwa. Dawa ni kuziinua na kuziinamisha nyuma, twita itazame sikio. Fundi seremala wa Keko alinikatia kabari mbili kwenye mabaki ya mninga, akazipiga msasa na kuzipaka mafuta, nami nikabandika raba nyembamba juu na chini. Wekundu wa mninga chini ya weupe wa spika ndio kitu kinachopendeza kuliko vyote katika chumba hiki. Kama huna seremala, vitabu viwili vya jalada gumu vinatosha kwa kuanzia.

Kisha panga pembetatu: umbali kati ya spika mbili ulingane na umbali wa kila moja hadi kichwani pako, zote zikigeuzwa zikutazame. Msimuliaji atasimama katikati ya skrini, mahali ambapo hakuna spika yoyote. Ukilisikia hilo mara ya kwanza utazima na kuwasha tena.

Dukani mimi huenda na simu yenye rekodi tatu ninazozijua kwa moyo: mtu akizungumza bila muziki, wimbo wa taarabu wa zamani, na wimbo mmoja wa besi nzito. Naanza na mzungumzaji, tena kwa sauti ya chini, kwa sababu kila spika inapendeza ikipigwa kwa nguvu na nyingi hufa zikipunguzwa. Nasikiliza herufi s na sh. Zikichoma kama zimekatwa na wembe, twita ni kali mno, na jioni utakuwa na maumivu ya kichwa. Wimbo wa besi naupiga mwisho, nao kazi yake ni moja: kuona kama spika inavumilia bila kukoroma. Nagonga sanduku kwa kifundo cha kidole, mlio mfupi na mkavu ni dalili njema, mlio wa debe si dalili njema. Nasimamisha muziki na kusogeza sikio karibu na twita nisikie kama inafoka. Ukinunua ya kutumia bluutuuthi, cheza video ya mtu anayeongea utazame midomo. Sauti ya bluutuuthi huchelewa, mara nyingi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na mhariri wa video hawezi kufanya kazi hivyo. Kwa mezani waya bado ni bora, na haugharimu kitu.

Kuna mngurumo mmoja ambao watu hurudisha spika nzima kwa ajili yake wakati kosa si la spika. Spika zikinguruma au kuzomea, chomoa chaja ya kompyuta. Mngurumo ukinyamaza, umeme wa chaja ndio unaopita kwenye waya wa sauti. Jaribu soketi moja kwa vyote viwili, au pitisha sauti kwa USB, au nunua kile kikatizi kidogo cha waya wa sauti kinachotenganisha umeme.

Kwetu pwani kuna swali moja la ziada, nami humuuliza fundi kabla ya muuzaji: “Fundi, ukingo wa hii koni ni raba au sponji?” Ukingo ni ule mkunjo laini unaoizunguka koni. Sponji kwenye unyevu wa bahari huoza, hukatika vipande kama mkate mkavu, na spika huanza kukwaruza. Raba hudumu. Mafundi redio wanaweza kubadilisha ukingo, na koni yenye thamani inastahili kupelekwa kwao, lakini ukiwa na hiari anza na raba. MDF nayo haipendi maji: usiweke glasi juu ya spika, na kona za chini ambazo rangi imebanduka zizibe kabla hazijanyonya unyevu na kuvimba. Chumvi ya hewani hula matundu ya waya. Mimi huchomoa na kuchomeka tena kila nikifanya usafi mkubwa, ili vyuma visuguane na kutu isikae.

La mwisho ni kwa wanaoletewa spika kutoka nje. Soma adapta kabla ya kuchomeka. Ikiwa imeandikwa 100–240V, itakubali umeme wetu wa volti 230 bila shida. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, usiichomeke hata kwa kujaribu, tafuta adapta nyingine yenye volti za kutokea zile zile na mpango ule ule wa chanya na hasi. Na ukifunga plagi ya pini tatu, fyuzi ya ndani iwe ya ampea 3. Ile ya 13 ni ya pasi na birika.